Bi Sikitu wa Mafiga

Siku Eufrazia alipomtolea uvivu mwongozaji wa tamthilia, hakujua kwamba kamera ilikuwa inawaka.

Yeye alikuwa fundi cherehani wa Mafiga, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mfupi, mnene wa wastani, futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda sokoni. Watu wa tamthilia walikuja kutoka Dar es Salaam wakakodi nyumba kubwa mtaa wa nyuma, ile yenye bati jekundu, na tamthilia yao wakaiita Bati Jekundu, maana hawakutaka kuhangaika na jina. Eufrazia akapewa kazi ya kushona na kurekebisha nguo za waigizaji. Kazi nzuri, watu wazuri. Mpaka wiki ya tatu, pale gauni la satini alilolishona kwa siku nne liliporudishwa dirishani kwake limemwagiwa maharage kifuani, na aliyelileta akasema, "Wanasema utoe doa, kesho asubuhi wanalitaka."

Eufrazia akazima cherehani. Akalikunja gauni, akaliweka begani, akaenda nalo mwenyewe.

Mwongozaji aliitwa Hatibu, kijana mrefu mwenye miwani inayomshuka puani kila dakika. Alimkuta uani anakunywa chai.

"Shikamoo, mama," Hatibu akasema.

"Shikamoo yako iweke hapo hapo, nitaichukua nikimaliza," Eufrazia akajibu, akalitandaza gauni mbele ya uso wake. "Hii ni nini?"

"Ni... gauni, mama."

"Gauni! Mimi nilidhani ni sahani! Maana gauni huwa linavaliwa, sahani ndiyo inayopakuliwa maharage. Siku nne nimeliinamia hili. Pindo lote nimelipiga kwa mkono, huu hapa, uone vidole vilivyotobolewa. Halafu nyinyi mnalilisha. Lilisema lina njaa? Liliomba? Kwetu Matombo hata mbuzi anakula bila kujimwagia, na mbuzi hajasoma, na mbuzi havai miwani!"

Ikawa ndiyo kwanza anaanza. Alizungumzia satini, akazungumzia malezi, akahamia kwenye watu wanaotembea na chakula kama kuku, akamrudia Hatibu na kumuuliza kama mama yake anajua anavyoishi huku Morogoro. Dakika sita nzima. Nyuma ya simtanki la maji, Shakila, binti aliyekuwa mwigizaji mkuu na ndiye aliyeyamwaga yale maharage, alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili, machozi ya kicheko yanamtiririka.

Eufrazia alipomaliza akashusha pumzi, akalikunja gauni.

"Marahaba," akasema. "Sasa nimeichukua."

Hatibu akaweka kikombe cha chai chini. Alikuwa anamtazama Geofrey, mpiga kamera, ambaye alikuwa anajaribu mwanga pale uani tangu asubuhi na hakuwa amezima mashine yake. Geofrey akainua dole gumba polepole.

"Mama," Hatibu akasema, akiisukuma miwani yake juu, "unaweza kusema hivyo tena?"

"Nikuseme tena? Hukutosheka?"

Basi ndipo wakamkalisha, wakamweleza. Tamthilia yao ilikosa mama mkwe. Yule waliyemtegemea alikuwa amepata kazi nyingine, na walishawajaribu wanawake kumi na mmoja hapo mjini. Wote walijua kulia vizuri. Hakuna aliyejua kusema. Walihitaji mtu wa kuigiza Bi Sikitu, mama mkwe mwenye roho ya pilipili, atokee mara nne tu, amtese mkwewe, halafu asafiri kwenda Ifakara asirudi tena.

Eufrazia alicheka mpaka kiti cha plastiki kikalia chini yake. Akasema hawezi. Akasema yeye ni fundi. Akasema atamuuliza mume wake. Usiku huo hakula vizuri kwa furaha, na asubuhi alikuwa wa kwanza kufika, amevaa kilemba chake cha sherehe.

Lo! Mbele ya kamera akageuka gogo.

Alitakiwa aingie jikoni, amwone mkwewe, amuulize nani amemwaga maziwa. Akaingia kama mtu anayepanda kusoma matangazo ya ndoa kanisani. "We. We. Mkwe. Wangu," akasema, macho yakiwa juu ya dari. "Ni. Nani. Aliyemwaga. Maziwa." Hatibu akamwomba arudie. Akarudia. Akaombwa tena. Mara kumi na nne! Jasho likamtoka, akatamani ardhi ya Mafiga ifunguke aingie na kilemba chake.

Mume wake, Castory, fundi pikipiki, alikuwa amekuja kumshangilia, amekaa juu ya ukuta wa uani na mikono yake ya grisi. Castory si mtu wa maneno. Kwa siku anaweza kutumia maneno ishirini na bado akabakiza. Lakini alikuwa amesikia minong'ono ya pale uani, na aliona mke wake anavyoteseka, akafungua mdomo.

"Mama Inno," akaita. "Huyo binti hapo ndiye aliyemwaga maharage kwenye gauni."

Eufrazia akageuza shingo taratibu kumtazama Shakila.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama," Shakila akasema kwa sauti ya kupotea. "Nisamehe."

"Kamera," Hatibu akanong'ona, "kamera, kamera, kamera."

Kilichofuata ndicho nchi nzima ilikiona. Yale machozi ya Shakila, ambayo watu waliyasifia sana, hayakuwa ya kuigiza hata tone moja. Kamera ilipozimwa Eufrazia akamkumbatia binti wa watu, akamwomba radhi nusu saa, na jioni akampelekea makande ya nazi kwenye bakuli lenye mfuniko. Kuanzia siku hiyo wakawa mtu na dada yake. Wakabuni na mbinu yao: kabla Hatibu hajasema "anza," Shakila anamsogelea Eufrazia sikioni na kumnong'oneza jambo. "Mama, mkasi wako mzuri nimekatia karatasi." "Mama, kile kitambaa cha bibi harusi wa Jumamosi nimekikalia na chipsi." Uongo mtupu, lakini ulitosha. Uso wa Eufrazia unabadilika, Bi Sikitu anaingia, na hapo kila mtu ajishike.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Eufrazia hakumwambia mtu. Tangu utotoni alikuwa ameambiwa kitu kimoja: Eufrazia, punguza sauti. Shuleni aliambiwa. Kwaya ya kanisa ilimtoa kwa upole kwa sababu sauti ya pili na ya tatu zilikuwa hazisikiki. Hata siku anamzaa Innocent, mwanawe wa pekee, nesi alimwomba apunguze sauti. Sasa kijana mmoja amevaa vidude masikioni anamwambia, "Ongeza kidogo, mama. Usiogope, ongeza." Mara ya kwanza kuambiwa hivyo ilibidi aende chooni, akajifungia, akacheka peke yake mpaka akaegemea mlango.

Tamthilia ikaanza kuonyeshwa. Kufikia Jumatano ya pili, Tanzania nzima ilikuwa inamchukia.

We acha tu. Vipande vyake vikasambaa kwenye simu. Watoto mtaani wakawa wanamwiga: mmoja anashika kiuno, mwingine anapiga kelele, "Bi Sikitu huyooo!" na wote wanakimbia. Innocent, aliyekuwa anasoma chuo Dodoma, akatuma ujumbe: "Mama, hosteli nzima wanakuchukia. Hongera sana." Kanisani, wakati wa kutakiana amani, jirani yake kwenye benchi alisita, akatafakari, mwishowe akamnyooshea vidole viwili tu.

Soko kuu ndiko kulikokuwa na kazi. Jesca, muuza nyanya aliyemuuzia miaka minane, alifunika meza yake kwa kanga alipomwona anakuja.

"Kamwombe Pili akuuzie," Jesca akasema. Pili ndiye mkwe katika tamthilia, yule anayeigizwa na Shakila.

"Jesca, mimi ni Mama Inno. Hunijui?"

"Nakujua sana. Umemtoa mtoto wa watu nje na mvua ile! Ana homa!"

"Jesca, dada yangu, ile haikuwa mvua. Yalikuwa maji ya ndoo. Baba Inno alikuwa juu ya bati anamwaga."

Jesca akashika kifua. "Kumbe na mumeo mmo!"

Wauza vitunguu wakageuka. Muuza dagaa akasimama ili aone vizuri. Eufrazia angeweza kujieleza, lakini kicheko kilishamkaba kooni, na akaona njia pekee ya kutoka pale na nyanya ni moja. Akashika kiuno. Akamtazama Jesca kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Wewe Jesca," akasema kwa sauti ya Bi Sikitu, na soko likanyamaza mpaka mwisho wa safu ya mchicha. "Hizo nyanya unazificha kama mahari. Kuna mtu amezitolea posa?"

Mlipuko wa kicheko uliozuka pale ulifanya njiwa wa paani waruke. Jesca alikuwa wa kwanza kuangukia meza. Akamjazia nyanya kopo zima la sado, akamwomba aseme tena ili amrekodi ampelekee dada yake Kilosa, akamsihi kwa moyo wote amwonee huruma Pili walau mpaka homa ipoe.

Kwa Castory nako hakukuwa na amani. Wateja walileta pikipiki ambazo hazina ubovu wowote ili tu wampe pole. "Kaka," walimwambia kwa sauti ya chini, "unaishi naye vipi?" Castory alifuta spana, akafikiri, akajibu, "Anapika vizuri." Basi. Jibu hilo likaenda kuzunguka mjini kwa wiki mbili.

Ile safari ya Ifakara ikafutwa. Mara nne zikawa kumi, kumi zikawa ishirini na sita. Eufrazia aliacha cherehani kwa mpwa wake, akawa anaamka amefurahi kama binti aliyeahidiwa ngoma. Alikuwa mwigizaji! Aliliweka neno hilo mdomoni akiwa anapiga mswaki, mwigizaji, na povu likamruka kwenye kioo.

Ndipo siku moja simu ikaita, namba ya Athanas, mwenye duka la Matombo. Lakini aliyeongea hakuwa Athanas.

"Eufrazia. Njoo nyumbani." Simu ikakatwa.

Ilikuwa sauti ya mama yake, Magreth, mwanamke wa miaka sabini na sita ambaye hajawahi kutumia maneno matano pale matatu yanapotosha. Eufrazia akaitazama simu. Alijua dukani kwa Athanas kuna televisheni ya sola. Alijua mama yake huenda kununua chumvi pale. Akajumlisha mwenyewe.

Jumamosi akapanda nyuma ya pikipiki ya Castory, wakaishika njia ya Mkuyuni, mashimo kwa mawe, wanapishana na malori ya ndizi, Eufrazia akipanga kichwani namna ya kujitetea. Kwamba ni kazi kama kazi nyingine. Kwamba Bi Sikitu siye yeye. Kwamba hata padri wa mjini huangalia. Walipofika, Magreth alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, anapepeta pilipili manga kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa chini. Castory naye akakumbuka ghafla kwamba cheni ya pikipiki inahitaji kuangaliwa, akapotelea migombani.

Magreth akapepeta, akapepeta. Halafu akauweka ungo chini.

"'Macho yako kama mlango usio na komeo, kila kinachopita kinaingia.' Hilo neno ni la nani?"

Eufrazia akameza mate. "Lako, mama."

"'Unatembea kama umetumwa na umesahau ulikotumwa.'"

"Lako, mama."

"Na lile la mkwe kupika wali ukaiva upande wa kwao tu?"

"Hilo... hilo nimetunga mwenyewe."

"Ndiyo maana halina nguvu," Magreth akasema.

Eufrazia akainua uso. Mama yake hakuwa amekasirika. Au tuseme alikuwa amekasirika, ila kwa jambo tofauti kabisa na lile alilopanga kulitetea barabara nzima.

"Nchi nzima inacheka kwa mdomo wangu," Magreth akaendelea, "na mimi nimekaa hapa na pilipili. Sawa. Lakini mbona unayasema vibaya? Unaharakisha! Unasema kama unaliwahi gari. Neno kama lile unaliweka, halafu unanyamaza. Unamwangalia. Hesabu moja mpaka tano moyoni. Yeye mwenyewe ataanza kujikuna." Akamtazama binti yake bila kupepesa. Eufrazia, mtu mzima mwenye mtoto wa chuo, akajikuta anajikuna shingo. "Umeona? Haya, niambie mimi."

"Nikwambie wewe mama? Siwezi!"

"Nimesema niambie."

Basi mchana ule wote, chini ya mlima, mama na binti walitukanana kwa ustadi. Magreth akirekebisha. "Kidevu juu." "Hapo usicheke." "Hapo vuta pumzi kwanza, ajue kinakuja." Akamfundisha na maneno mapya matano, moja la Kiluguru ambalo haliandikiki kwenye karatasi ya heshima. Castory alirudi akawakuta wote wawili wameegemeana, hawana pumzi, pilipili manga zimemwagika uani, kuku wanazikanyaga.

Kabla hawajaondoka, Magreth akasema la mwisho. "Na huyo anayewaandikia anatoka wapi? Sikitu anadai shamba la mlimani kwa upande wa mwanawe wa kiume. Shamba la huku ni la ukoo wa mama, halipiti kwa mtoto wa kiume! Mkwe anaingiaje? Wazee wote dukani kwa Athanas wanacheka. Mwambie aje aulize."

Hatibu alipoambiwa hivyo, miwani ilimwanguka kabisa. Kwa mwezi mzima alikuwa anatafuta namna ya kuufunga msimu wa kwanza, na sasa ameletewa mkononi. Bi Sikitu atapanda kwao mlimani kulitwaa shamba la ukoo kwa nguvu, na atakayemzuia ni mama yake mzazi.

"Tatizo ni nani atamwigiza huyo mama," Hatibu akasema.

"Yupo," Eufrazia akajibu.

"Ana uzoefu?"

"Wa miaka sabini na sita."

Magari matatu ya tamthilia yalipofika Matombo, kijiji kizima kilikuwa kimeshapiga pasi. Watu walishuka hata kutoka Kinole, wamebeba machenza na mafenesi kama wanakuja harusini. Magreth naye alikuwa na masharti. Aliletewa nguo kuukuu ili aonekane mwanamke wa kijijini, akaishika kwa vidole viwili, akauliza, "Mnadhani mlimani tunavaa matambara?" akaenda kuvaa kitenge chake cha Pasaka. Poda usoni alikataa. Na asubuhi ile alikuwa amepita misheni kumuuliza padri kama kuigiza ni sawa na kusema uongo. Padri alikuwa amemjibu kwamba suala hilo ni zito, halafu akamuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli Pili atapona.

Hatibu akamweleza Magreth tukio lilivyo. Bi Sikitu anakuja. Mama anamlilia, anamsihi asiuze utu wake kwa ajili ya shamba. Bi Sikitu anampita, anaenda zake shambani. Mwisho.

"Nalia," Magreth akasema.

"Ndiyo, bibi. Unalia sana."

"Sawa."

Shakila akamnong'oneza Eufrazia jambo la kumkasirisha. Hatibu akasema, "Anza."

Bi Sikitu akaingia uani, kiuno kimeshikwa, kidevu juu. Alikuwa moto! "Mimi nimekuja kuchukua kilicho changu," akasema, na sauti yake ikagonga mlima ikarudi. "Anayetaka kunizuia asimame nimwone."

Magreth akasimama kutoka kwenye kigoda. Hakulia. Alimtazama binti yake. Eufrazia akaona midomo ya mama yake inasogea kidogo kidogo, akatambua: anahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

"Piga magoti," Magreth akasema.

Hilo halikuwa kwenye karatasi. Eufrazia alikumbuka vizuri sana anachotakiwa kusema: Nimekua, mama, usinipangie. Akafungua mdomo.

"Nime..."

"Nime nini?"

Watu wa kijiji walikuwa wamesimama na machenza yao mikononi, hakuna aliyemenya. Geofrey alikuwa anasogea na kamera hatua kwa hatua kama mtu anayemnyemelea ndege. Na magoti ya Eufrazia, ambayo hayakuwa yamesoma karatasi ya Hatibu, yakakunjika yenyewe. Akapiga magoti pale kwenye udongo mwekundu, na kilemba chake kikamshuka usoni.

"Nilikuzaa Jumapili," Magreth akasema, taratibu, kila neno analiweka. "Siku ya ubatizo ulilia mpaka mahubiri yakasimama. Watu wakaniambia, mzibe mdomo huyo mtoto. Sikukuziba. Nikasema, acheni, sauti hiyo ameletewa kwa kazi yake. Sikukuachia sauti hiyo ili uwatoe watoto wa wenzio nje kwenye mvua. Umenisikia?"

Eufrazia hakujua tena nani anaambiwa, Bi Sikitu au yeye. Miaka yote hiyo alidhani mama yake naye alikuwa mmoja wa wale waliotaka apunguze. Machozi yakamtoka, yakamwagika tu, bila kunong'onezwa na mtu yeyote.

"Nimekusikia, mama."

"Haya, simama. Nenda jikoni. Wageni wana njaa."

Vigelegele! Nani angewazuia? Kijiji kizima kililipuka, wanawake wakaingia uani wakicheza, mtu akatupa chenza juu, Shakila akasahau kwamba yeye si wa tukio lile akaja kumkumbatia bibi, na Hatibu akasahau kusema "kata." Aliyesema hatimaye alikuwa Castory, kutoka migombani: "Jamani, hajasema kata."

Hatibu hakurudia kulipiga tukio lile. Alikwenda mbele ya Magreth akiwa amevua miwani, akamwambia hajawahi kuona kitu kama kile.

"Mimi nilikuwa sawa," Magreth akasema. Akamgeukia Eufrazia, aliyekuwa bado anafuta pua kwa ncha ya kitenge. "Wewe ndiye umewahi mno kupiga magoti. Ungekaza kidogo. Wangekuchukia zaidi."

Tukio lile lilipoonyeshwa, misheni walifunga projekta kwenye ukumbi wa parokia Jumapili alasiri, mapazia yakafungwa, watu wakakaa mpaka madirishani. Walilazimisha lirudishwe mara tatu. Kila Magreth wa ukutani aliposema "Piga magoti," ukumbi mzima ulilitamka pamoja naye, na Magreth wa kwenye benchi akatikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika nusu. Eufrazia alikuwa amebanwa katikati ya mama yake na Shakila, anacheka na kulia kwa zamu, watu wanamshika mabega kutoka nyuma. Mjini, Jesca alikuwa amempigia simu mara nane. Nyanya, alisema, ni bure mpaka Krismasi.

Baada ya hapo kazi zikaja zenyewe. Msimu wa pili wa Bati Jekundu ulimtaka, na ulimtaka mama yake kwa masharti yale yale ya kitenge. Kisha kampuni nyingine ikampigia: wanatengeneza tamthilia ya hospitali, wanataka nesi. Nesi mpole. Mpole sana, walisisitiza, mwenye sauti ya kubembeleza.

Eufrazia akafanya mazoezi wiki tatu. Upole, akagundua, ni mgumu kuliko ukali. Unataka pumzi nyingi na uso usiofanya chochote. Castory ndiye aliyekuwa mgonjwa wake, analazwa kwenye kochi kila jioni, anapapaswa paji la uso, anaulizwa, "Unajisikiaje, mpenzi mgonjwa?" mpaka siku moja akasema ameshapona.

Siku ya kwanza ya kupiga picha, walikuwa wametengeneza wodi ya kuigiza kwenye ukumbi mmoja wa mjini, vitanda sita, shuka nyeupe. Kwenye kitanda cha kwanza alilazwa Mzee Laurenti, mstaafu wa kiwanda, aliyechukuliwa siku hiyo hiyo kwa sababu alikuwa na uso mzuri wa mtu anayeumwa. Hakuna aliyemwambia nesi ni nani. Mwongozaji akasema anza. Eufrazia akatokea mlangoni na gauni jeupe, kofia nyeupe, tabasamu pana, na bomba la sindano mkononi.

Mzee Laurenti akafumbua jicho moja. Akafumbua la pili.

"Sikitu!" akapiga kelele, na kwa wepesi ambao hakuna mgonjwa aliyewahi kuwa nao, akaruka kitanda upande wa pili, shuka limemzunguka, akakimbilia mlango wa nyuma.

"Baba! Baba, subiri! Mimi ni nesi mpole!" Eufrazia akamfuata, sindano bado ipo hewani, jambo ambalo halikusaidia. Wakaizunguka wodi mara mbili. Wagonjwa wengine watano wakakaa vitandani kushangilia, watatu upande wa mzee, wawili upande wa nesi. Mwishowe Eufrazia alishindwa na kicheko, akaketi kitandani kwa mzee, sindano akaiweka chini, akajishika mbavu, kofia imemwangukia jicho moja.

Mzee Laurenti alisimama mlangoni anahema. Akasema atarudi kitandani, lakini sindano itoke nje ya chumba, na kama kuna uji, yeye nesi aunywe kwanza.

Uji ukaletwa. Eufrazia akachota kijiko, akapuliza, akaunywa polepole mbele ya macho yake, akafungua mdomo wazi kumwonyesha kwamba umeshuka.

"Haya," Mzee Laurenti akasema. Akapanda kitandani, akavuta shuka mpaka kidevuni. "Lakini usiniangalie sana."